Abiria wa Kiti cha Kumi na Nne

Saa mbili asubuhi lami ya mbele ya nyumba ilikuwa imeshalainika, na kandambili ya mmoja wa mapacha ikanasa pale kama stempu kwenye bahasha. Mzee Tobo alisimama mlangoni akihesabu watu. Hiyo ilikuwa kazi yake kila familia ilipotoka. Miaka thelathini na minane alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi ya masafa marefu, akastaafu na vitu viwili: mgongo mbovu, na koleo la kutobolea tiketi ambalo alipaswa kulirudisha ofisini. Kila mwaka alisahau kulirudisha, na kila mwaka alikumbuka kulipaka mafuta. Lilitoboa tundu lenye umbo la nyota.

"Mimi mmoja," alisema, akigusa kifua. "Binti yangu wa pili, mkwe wa tatu, pacha wa nne, pacha wa tano. Watano. Twendeni."

Nyuma ya hao watano akatoka Dada, akafunga mlango. Dada alikuwa mfanyakazi wa ndani, mwanamke wa miaka thelathini na moja. Hakuwa dada wa mtu yeyote mle nyumbani, lakini wote walimwita hivyo, hata Mzee, ambaye kwa umri angeweza kumzaa na kumwozesha. Begani alikuwa na mkoba wa mapacha, mkono wa kulia feni mbovu, kichwani kapu la chupa za maji, na mkono wa kushoto begi lake la safari.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kwao. Likizo hiyo aliahidiwa mwaka juzi. Mapacha wakapata surua, likizo ikasogezwa. Mama Pacha, binti wa Mzee, akabadilishiwa ofisi, ikasogezwa. Mwaka huu ilisogezwa kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka vizuri, ila ilikuwa nzito. Sasa hatimaye alikuwa na tiketi: basi la saa kumi alasiri, kiti cha kumi na nne, dirishani. Kule mwisho wa safari alikuwa na binti wa miaka minane aliyelelewa na bibi yake, na ambaye siku hizi, akipewa simu, alisema "shikamoo" bila kuongeza neno "mama."

"Usiwe na wasiwasi, Dada," alisema Mama Pacha. "Tuna shughuli tatu tu. Feni, miwani ya Baba, halafu chakula kwa shangazi. Saa nane tumemaliza, tunakupitisha stendi."

"Haya, Mama Pacha."

Gari lilikuwa gereji tangu Jumanne, kwa hiyo walitembea. Jua lilikuwa la kuangua mayai. Mbwa wa mwenye duka la magodoro alikuwa amelala juu ya barafu ya muuza samaki, na muuza samaki hakumfukuza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameketi upande wa pili wa barafu hiyohiyo.

Walipopita duka la magodoro, wote watano walikuwa kivulini. Kilikuwa kivuli kizuri, kipana kama ukumbi, chenye upepo ndani yake na harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Mzee alivuta pumzi, akavua kofia, akatazama juu kutafuta mti. Hakuuona.

"Mti uko wapi?" aliuliza.

"Ni wingu, Baba," alijibu mkwewe, Baba Pacha, mwalimu wa jiografia.

"Liko wapi?"

"Limekaa upande."

Mzee alitazama upande. Aliona anga tupu, nyeupe kama sahani. Hakubisha, maana mwalimu ana cheti, lakini jambo hilo lilimkaa kichwani kama kokoto kiatuni.

Kwa fundi feni kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja, wote wamekunja nyuso. Familia ilipofika, nyuso zikakunjuka. Foleni nzima ikapoa. Fundi akatoka kibandani na kibao chake, akakaa nje akifungua skrubu na kupiga mluzi. Baadaye Dada akavuka barabara kumuuliza kinyozi ni saa ngapi, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika, kwa sababu kivuli kilivuka naye. Foleni ikavuka pia, kila mtu akishika nafasi yake. Fundi akabeba kibao, feni na skrubu zake mdomoni, akavuka. Dada aliporudi, wote wakarudi. Mama mmoja mwenye feni mbili akalalamika tu kwamba vijana wa siku hizi hawatulii mahali pamoja.

Mzee alikuwa mkaguzi, na mkaguzi hapati usingizi mpaka ajue kitu kimeanzia wapi. Aliinama, mgongo ukalia, akaufuata ukingo wa kile kivuli hatua kwa hatua. Pembeni kilitikisika kama majani. Kikapita chini ya foleni, kikapita chini ya mapacha, kikazidi kuwa chembamba, kikaishia kwenye visigino vya Dada. Dada mwenyewe alisimama juani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kukaa kwenye kivuli chake mwenyewe.

"Dada, hiki ni chako?"

"Kipi, Babu?"

"Hiki tulichokalia."

Dada aligeuka akakitazama. "Labda. Hata mama yangu anacho. Hutokea joto likizidi."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinavuta tu kidogo, hapa kwenye visigino."

Mzee akaenda kuwapa wenzake taarifa. Baba Pacha akasema hilo linawezekana, inategemea latitudo. Mama Pacha akafikiri, akapanga upya msafara. "Basi Dada tembea mbele upande wa jua. Usikimbie, mapacha watabaki nje."

Feni ilichukua saa mbili na haikupona.

Kwenye duka la miwani kulikuwa na foleni nyingine. Saa saba na robo ndipo Mzee akavalishwa miwani mipya na kuambiwa asome herufi za ukutani. Alizisoma zote bila kukosea, kwa sababu alikuwa amezikariri akiwa kwenye foleni. Muuzaji akakuna kichwa.

"Mzee, tafuta kitu kingine usome. Kitu ambacho hukijui."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, nje, ili duka lote lipate kivuli. Akachukua nafasi hiyo. Akatoa tiketi yake kwenye leso.

"Babu, nisomee hapa, wino umefifia. Ni saa kumi, au saa kumi na moja? Mama Pacha anasema kumi na moja."

Mzee akaishika. Miaka sita hakuwa ameona tiketi vizuri. Sasa aliiona yote: tarehe, mstari wa bluu, muhuri uliopinda kidogo kulia kama ilivyo desturi ya makarani wavivu. Moyo wake ukachanua.

"Saa kumi kamili," alisoma kwa sauti ya zamani, sauti ya kutembea katikati ya viti. "Kiti cha kumi na nne. Abiria afike nusu saa kabla. Kuku hawaruhusiwi."

Na mkono wake, ambao kwa miaka thelathini na minane ulifanya kazi bila kumwomba ruhusa, ukaingia mfukoni ukatoka na koleo. *Kwach.* Kipande kidogo cha karatasi, nyota, kikaanguka sakafuni.

"Safari njema," alisema Mzee, akamrudishia.

Dada aliitazama tiketi. Akamtazama Mzee. Akaikunja ndani ya leso polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ndani ya duka, katikati ya kivuli chake, palikuwa na doa la jua kali lililokaa sakafuni, lenye pembe tano, ukubwa wa sinia. Wateja wakalikwepa wakipita. Mzee naye alilikwepa. Alihisi kuna jambo limekaa mahali sipo, lakini lilikuwa jambo gani? Akaiondoa miwani, akaivaa tena. Halikusogea.

Shangazi yake Baba Pacha alikuwa mjane mnene mwenye ua usio na mti hata mmoja. Aliandaa meza nje kwa sababu ndani kulikuwa tanuri. Dada akasimamishwa karibu na kamba ya nguo, na kivuli kikaangukia meza, isipokuwa ukingo wa bakuli.

"Mwambieni asogee kushoto kidogo," alisema shangazi. Dada akasogea. "Hapohapo. Ahsante, mwanangu." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Wahenga walisema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Wako anafunika wa karibu. Una bahati, bibi wee. Wangu hata kufagia hajui."

"Huyu leo anakwenda kwao," alisema pacha mmoja.

"Kwao? Kwenye joto hili?" Shangazi aliweka kijiko chini. "Sasa nyinyi mtakaa wapi?"

Swali hilo likakaa mezani pamoja na chakula, na kila mtu akala akilizunguka. Doa la nyota lilikuwa limetua kwenye sahani ya Mzee. Alikula wali uliozidi kuwa moto kadiri alivyoendelea. Sahani ya Dada ilifunikwa kwa sahani nyingine ili ale baadaye, na baadaye haikufika, kwa kuwa shangazi alileta matunda, halafu picha za marehemu mumewe, zote mia mbili na kumi.

"Mama Pacha," Dada aliita kutoka kambani. "Saa tisa na dakika kumi."

"Bado mapema. Basi ni la saa kumi na moja."

"La saa kumi. Babu amesoma."

Wote wakamtazama Mzee. "Kumi kamili," alisema, akitazama sahani.

Walifika stendi saa kumi kasoro dakika nane, wakihema, ila wamepoa. Basi lilikuwa linanguruma. Abiria waliokuwa kwenye jua wakavutwa mmoja mmoja kuelekea kivulini mpaka Dada akapata shida kulifikia dirisha la tiketi. Karani wa dirishani alikuwa kijana wa zamani, sasa ana kitambi. Aliichukua tiketi, akaiinua juu, na mwanga ukapita kwenye nyota ukamwangukia puani.

"Tiketi hii imeshasafiri," alisema.

"Haijasafiri, kaka yangu. Mimi ndiye abiria, na niko hapa."

"Ina tundu. Iliyotobolewa imeshasafiri." Akaangalia daftari. "Kiti cha kumi na nne. Abiria ameshafika."

"Nimefika wapi?"

"Hilo sasa silijui. Kwenu, nadhani." Karani akainua macho, akamwona Mzee. Uso ukamng'aa. "Mzee Tobo! Shikamoo!"

"Marahaba."

"Mwulizeni huyu! Ndiye aliyetufundisha. 'Tundu ni tundu, hata akilia machozi ya damu.' Si ndivyo, Mzee? Umewahi kumteremsha bibi harusi porini na gauni lake!"

"Alikuwa na tundu," alisema Mzee.

"Umeona? Sasa huyu nani kamtobolea? Koleo la nyota lilikuwa moja tu, na limepotea. Ofisi bado inalitafuta. Akipatikana aliyenalo, nafuta tundu kwa muhuri, naye anapanda sasa hivi. Dakika tatu zipo."

Mzee alikuwa na mkono mfukoni. Koleo lilikuwa limepata joto la mwili wake, limetulia kama kifaranga. Dada alimtazama.

"Babu?" alisema. Alikuwa amelelewa na watu, na mtu aliyelelewa na watu hamwumbui mzee hadharani.

Dakika ya kwanza ikapita. Mzee alijaribu kupanga mawazo yake. Aliliona koleo, akaiona ofisi, akajiona amesimama mbele ya vijana aliowafundisha. Kisha yote yakajichanganya, na alipofungua mdomo alitoka na kitu kilichokuwa karibu.

"Kanuni ni kanuni," alisema.

Basi likaondoka na kiti cha kumi na nne kitupu, dirisha limefunguliwa nusu. Kondakta alimkataza mtu mmoja kukikalia, akimwambia mwenyewe yupo.

"Basi si neno, Dada," alisema Mama Pacha, akimshika bega. "Kila jambo na wakati wake. Utakwenda mwezi ujao, joto likipungua." Sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli, na miguu yake yote miwili ilikuwa kivulini.

Mzee alihesabu watu. Walikuwa watano.

Nyumbani walitoa viti uani, kwa sababu feni ilikuwa bado mgonjwa na jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. Dada alisimama kwenye ngazi ya jikoni, alikozoea, akiwa na simu sikioni.

"Hapana, mama hayumo kwenye basi," alisema. Akasikiliza kwa muda mrefu. "Wanasema nimefika? Basi tazama vizuri hapo nje… Hakuna mtu? Ehee. Rudi ndani, jua kali."

Akaizima, akaiweka mfukoni, akaanza kumenya viazi palepale aliposimama, ili kivuli kisitikisike.

Nyota ya jua ilikuwa imetua kwenye upara wa Mzee. Alisogeza kiti kulia, ikasogea. Akasogeza nyuma, ikamfuata. Akavaa kofia, ikapita ndani ya kofia. Mapacha walikuja wakaweka daftari zao karibu na sikio lake, kwa sababu pale palikuwa na mwanga mzuri wa kufanyia hesabu za shule. Baba Pacha akasema ni suala la pembe ya jua na litakwisha Desemba. Mama Pacha akamletea baba yake kitambaa kilicholowa.

Tangu stendi Mzee alikuwa amebeba sentensi mdomoni, ndefu, yenye koleo ndani yake na neno la kuomba radhi mwishoni. Aliizungusha, akaipanga, ikapangika. Akageuka kwenye kiti.

"Dada."

"Abee, Babu."

Dada aliacha kisu, akamsubiri. Jua lilikuwa limemkaa usoni kote.

"Sogea kushoto kidogo," alisema Mzee.

Dada akasogea. Nyota haikuondoka.