Hana la Kujibu

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa sita, siku ambayo Komeo aliachiwa huru.

Wengine watakwambia yaliharibika mwaka mmoja kabla, siku aliyokamatwa, na kweli siku ile nayo haikuwa ya kuchezea. Mlinzi wa klabu alikutwa amekufa ndani ya stoo ya vifaa, kapigwa na kitu kizito kichwani, na pembeni yake glavu moja ya kipa. Kipa ni Komeo. Basi, upelelezi ukaishia hapo, watu wakarudi majumbani kulala. Hakuna mkubwa aliyejiuliza glavu za kipa zikae wapi kama si stoo. Hakuna aliyejiuliza mlango uliokutwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wa mlinzi uko mfukoni mwa marehemu mwenyewe, humo ndani, ulifungwa na nani. Na wale wale waliompachika kijana jina la Komeo, kwa kuwa goli lake lilikuwa halifunguki hata kwa nyundo, ndio waliokuja na utani mpya kesho yake asubuhi: Komeo kakomewa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Baba yake aliyavumilia yote hayo. Alikuwa fundi cherehani, anakaa na mafundi wengine kwenye baraza la duka la vitambaa, na kwa miaka mingi mtaa mzima ulimwita Baba Kipa. Hata wasiopenda mpira walimwita hivyo. Mwanawe alipokamatwa, jina likafutika usiku mmoja. Akawa "fundi" tu, "we fundi, suruali yangu tayari?", kama mtu aliyehamia juzi. Jirani yake wa barazani, mzee mmoja mwenye mapengo, ndiye pekee aliyeendelea kumtania kama zamani, na utani ule ulikuwa heshima.

Alivumilia kwa sababu alikuwa akiisubiri mahakama. Shule aliiacha mapema, akawa mtu wa kuwaamini wanaosoma kutoka kwenye karatasi. Alijiambia: jaji akishasema, kila mtu atasikia.

Na jaji akasema. Alhamisi ile alivua miwani, akaifuta, akasema upande wa mashtaka haukuleta kitu cha maana, kwa hiyo mshtakiwa hana kesi ya kujibu, aende zake. Kwenye benchi la upande wa pili alikaa mjane wa mlinzi, kainamisha kichwa. Baba yake Komeo hakuelewa papo hapo. Akamvuta wakili kwa kiwiko, na wakili akamweleza taratibu: maana yake, mzee, ushahidi ni mtupu kiasi kwamba mwanao hana haja hata ya kufungua mdomo kujitetea. Mzee akayashika maneno yale manne, akayakunja vizuri kichwani kama unavyokunja shati jipya la mtu, ampelekee mkewe nyumbani.

Kumbe nje Mwenyekiti wa klabu alikwisha kuwahi. Mwaka mzima mtu huyu hakukanyaga rumande hata kumjulia hali kijana aliyempa makombe ya kupigia picha, lakini vipaza sauti alivinusa kutoka mbali. Akakohoa kidogo, akawaambia waandishi kwamba mahakama imeona mchezaji wao hana la kujibu, na klabu inaheshimu sheria za nchi. Kisha akaingia kwenye gari.

Hana la kujibu. Redio ikayabeba vile vile yalivyotoka, taarifa ya jioni ikayarudia, na barazani, sokoni, kwenye foleni za maji, watu wakayapokea kwa mikono miwili. Sasa wewe mwenyewe unakijua Kiswahili. Asiye na la kujibu ni nani? Ni mtoto mwenye chembe za sukari mdomoni, anaulizwa nani kalamba sukari, anatazama vidole vya miguu yake. Jua halijazama, kila mtu alikuwa anajua kilichotokea: jaji kamuuliza Komeo, Komeo kabanwa, kakosa neno, na juu ya hayo kaachiwa. Mtu aliyekosa la kujibu akaachiwa, hapo unaona nini? Unaona bahasha imepita chini ya meza. Kwa hiyo kijana alitoka gerezani mchafu kuliko alivyoingia. Alipokuwa ndani, walau walikuwepo waliosema tusubiri.

Mama yake aliyasikia kwenye benchi la zahanati, alikokwenda kuchukua dawa za presha. Mwanamke asiyemjua alikuwa akiyasimulia kwa sauti. Mama akarudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Baba watoto," akasema, "ni kweli mwanangu aliulizwa akanyamaza?"

Mumewe akamweleza kama wakili alivyomweleza yeye, taratibu, neno kwa neno. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimeelewa," akasema. "Sasa kawaeleze na wao."

Alikwenda. Alikalishwa kwenye benchi la ofisi ya klabu mpaka akawafahamu wafagizi wote, na alipoingizwa hatimaye, katibu akamwambia bila kuinua macho kwamba hana kesi ya kujibu, hana la kujibu, si yale yale tu, mzee? Akamuuliza katibu: mteja akisema suruali haina mfuko, na akisema hana cha kutia mfukoni, hayo nayo ni yale yale? Katibu akacheka sana, akasema mzee una vituko, akamfungulia mlango atoke.

Mke hakungoja. Miezi ile alikuwa akipungua, na kila mara fundi alikuwa akikaa kwenye cherehani yake mwenyewe kupunguza magauni ya mkewe, leo pindo la kiunoni, kesho mabega, mpaka gauni la mwisho likawa limebaki saizi ya msichana. Daktari aliandika moyo. Mumewe anasema ni maneno matatu ya redioni, na hajapata mtu wa kumbishia usoni. Msibani klabu ilituma shada la maua ya plastiki.

Komeo mwenyewe hakuwa msemaji. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba, anarusha mpira ukutani, anaudaka, anarusha tena, mpaka rangi ya ukuta ikatoka. Baba yake alipomletea habari za katibu, alisema tu, "Baba, achana nao. Nikirudi langoni, nikidaka, watasahau."

"Wakisahau kwa kuwa umedaka," mzee akamwambia, "siku utakayofungwa watakumbuka."

Kijana akaurusha mpira.

Kurudi langoni kulikuja kwenyewe, wala hakukuletwa na huruma. Kipa aliyechukua nafasi yake alikuwa akiokota mipira wavuni kama mtu anayeokota nguo zilizoanguka kwenye kamba, timu ikaporomoka, mashabiki wakaanza kumtaja Mwenyekiti kwa majina ya wanyama. Ndipo viongozi wakagundua kwamba Komeo ni mwana wa klabu. Na wiki ile ile Mwenyekiti akafika mwenyewe pale barazani, na koti lake la suti mkononi. Siku ya mechi ya kumrudisha Komeo ataongea mbele ya watu, na koti halifungi tumboni.

Mzee wa mapengo akanong'ona kwamba kitambaa cha kupanulia tumbo lile kiagizwe kwa meli. Fundi hakucheka. Alivuta utepe shingoni, akauzungusha, na mikono yake iliyozoea kupunguza mwaka mzima ikawa sasa inapima pa kuongeza.

"Toa pumzi, Mwenyekiti." Akasubiri. "Utasema nini siku hiyo?"

Mwenyekiti akasema atamkaribisha kijana, atasema maneno mazuri.

"Sitaki mazuri. Nataka ya jaji. Hana kesi ya kujibu."

Mwenyekiti akasema hamna shida.

"Yaseme niyasikie. Nyanyua mkono."

Na Mwenyekiti, mkono mmoja hewani, utepe kifuani, watu wa mtaa wakitazama, akasema: hana kesi ya kujibu. Fundi akampima bega, akamwambia aseme tena. Akasema tena. Akampima urefu wa mgongo, akasema mara ya tatu, safari hii anacheka, anampiga fundi begani, anamwita mzee wangu. Fundi alilishona koti lile vizuri kuliko alivyowahi kushona nguo ya mtu yeyote. Alifumua pande zote mbili, akatoa akiba yote ya kitambaa iliyokuwa imekunjiwa ndani, akalipiga pasi mpaka likasimama. Jirani yake akamuuliza kwa nini asimwachie sindano moja mgongoni. Akajibu kwamba koti halina kosa.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka ukutani. Mzee alipewa kiti karibu na jukwaa kuu. Mjane wa mlinzi naye alikuwepo, amesimama kwenye ngazi na fagio lake, maana baada ya msiba klabu ilimpa kazi ya kufagia majukwaa, wakaita huko ni kumshika mkono. Yeye na baba yake Komeo walikuwa hawajawahi kusalimiana. Timu zilipotoka, mashabiki wa wageni wakaanza kupiga makofi na kuimba hana, hana, hana la kujibu, na baadhi ya wenyeji nao wakaitikia, kwa kuwa wimbo ulikuwa mtamu. Komeo alitembea mpaka langoni kwake, akagusa mlingoti huu, akagusa ule.

Mwenyekiti akapanda kwenye kipaza sauti. Koti limemkaa kama amezaliwa nalo. Mzee akasogea mbele kwenye kiti, midomo yake ikiwa tayari kuyafuatisha maneno.

"Wapenzi wa klabu," sauti ikajaa uwanja mzima, "kijana wetu amerudi nyumbani. Ya nyuma tuyaache nyuma. Leo, kwa moyo mmoja, tumsamehe."

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu walisimama, wengine wakakumbatiana, wengine wakajifuta machozi, kila mmoja akijiona mwema. Mzee alibaki amekaa. Tumsamehe. Kitu gani? Anayesamehewa ni aliyekosa. Lile la kwanza lilimfanya mwanawe bubu, hili la pili limemhukumu kabisa, na limemhukumu kwa makofi, mbele ya baba yake, kwenye koti aliloshona yeye.

Kipindi cha pili wageni walipata penalti. Komeo akaruka kushoto, akaupangua mpira. Basi ukawa wimbo mmoja pande zote, tumesamehe, tumesamehe, mpaka filimbi ya mwisho.

Baada ya mechi waandishi walimzunguka Mwenyekiti kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, na Komeo kasimamishwa ubavuni pake kama kombe. Mzee alijipenyeza mpaka mbele, utepe bado uko shingoni, alikuwa amesahau kuuvua.

"Mmemsamehe nini?" akauliza.

Mwenyekiti akatabasamu, akawatazama waandishi. Akasema mzee furaha imemzidi.

"Nakuuliza. Mmemsamehe nini?"

"Mzee wangu, umepata ulichotaka. Watu wamempenda tena. Unataka nini kingine?"

Kabla mzee hajajibu, mtu alisema nyuma yake, sauti ya chini, ya mtu asiyezoea kusikilizwa. Watu wakapisha. Alikuwa mjane, na fagio lake.  Mzee akafikiri, sasa na huyu atasema, na ana haki ya kusema lolote, mume ni wake.

"Umesamehe kwa niaba ya nani?" mjane akamuuliza Mwenyekiti. "Aliyefiwa ni mimi. Hukuniuliza."

Mwenyekiti akasema mama, leo ni siku ya furaha, mambo hayo tutayaongea ofisini.

Mjane hakumtazama tena. Alimgeukia mzee, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe akamatwe, mtu asiye wa nyumbani kwake akamwita jina lake.

"Baba Kipa," akasema, "mimi nilikuwa mahakamani. Nilimsikia jaji kwa masikio yangu. Hana kesi ya kujibu."

Aliyasema yote manne, hakupunguza hata moja. Komeo, ambaye hakulia alipokamatwa wala alipoachiwa, aliziba uso kwa glavu zote mbili.  Mzee alimfikiria mkewe kitandani na viatu miguuni.

Mwandishi mmoja akasogeza kinasa sauti kwa mjane, na mjane akaongea ndani yake, anamtazama Mwenyekiti. Alisema stoo ile ina funguo mbili, yeye anafagia pale, anajua. Mmoja ulikutwa kwa marehemu. Mwingine unatundikwa kwenye msumari ofisini kwa Mwenyekiti. Akauliza swali moja tu. Mwenyekiti akashika kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga, kisha akasema ana kikao, na watu wake wakamzunguka mpaka kwenye gari.

Jioni redio ilirusha penalti, ikarusha tumsamehe, ikarusha shangwe. Sauti ya mjane haikurushwa. Wiki iliyofuata alihamishwa kutoka majukwaani, kisha akaambiwa kazi ya kufagia imekwisha. Polisi hawakufika kwake wala kwa mtu mwingine. Komeo anadaka, watu wanamshangilia, na akifungwa wanamkumbusha kwamba walimsamehe.

Lakini barazani pale Baba Kipa ana mtindo wake sasa. Awe mwalimu, awe dereva, awe karani wa polisi aliyekuja kupunguziwa sare, akishanyanyua mikono apimwe, na utepe umeshamzunguka kifuani hawezi kuondoka, fundi humuuliza lile swali la mjane, polepole, kama anayeuliza urefu wa mkono: usiku ule mlinzi alipouawa, ufunguo wa pili ulikuwa kwa nani?