Barabara Iliyolilia Jina

Mwaka ule Migori ilipopewa wilaya yake, wakubwa wa mji walishikwa na homa ya majina. Wilaya nzima haiwezi kukaa na barabara zisizo na majina, walisema, kana kwamba watu walikuwa wakipotea kila wakitoka kununua chumvi. Vibao vya bati vikachongwa, vikapakwa rangi ya kijani, na kila mtaa ukaambiwa ujichagulie. Sharti lilikuwa moja tu: atakayepewa barabara awe amekufa. Walio hai wana matata. Leo mtu yuko chama hiki, kesho amehamia kile, na rangi kwenye kibao hata haijakauka. Marehemu hahami chama.

Mtaa wa Kichinjio ulikuwa na barabara moja ya maana, ile inayotoka kwenye kinu cha posho na kuteremka mpaka mtoni. Katikati yake, mbele ya hoteli ya Ombui ambayo ni meza mbili na jiko, mama mmoja wa Kisii aitwaye Kemuma aliuza ndizi za kupika. Kibao cha kijani kilipoletwa kikaegemezwa kwenye ukuta wa Ombui, Kemuma alikitazama mara moja tu. Alijua ni jina gani alilotaka liandikwe pale. Alijua pia watakavyomkatalia.

Jina lenyewe lilikuwa Okari, mumewe. Okari alikuwa akichimba dhahabu Masara, na kila jioni alirudi na gunia la kokoto za mgodini nyuma ya baiskeli, akazimwaga barabarani na kuzisawazisha kwa jembe. Watu walimwona kichwa maji. Yeye alikuwa na sababu moja: mkewe alikuwa ameteleza kwenye matope akamwaga ndizi, na watu wakamcheka. Basi akaijaza barabara yote, kutoka kinuni hadi mtoni, peke yake. Wengine walikuwa wakizichekecha zile kokoto asubuhi na mapema kutafuta dhahabu, bila haya, halafu wakimkuta barabarani wanamsalimu vizuri.

Kisha mvua kubwa ikaja, na shimo moja kule Masara likaporomoka. Wanaume walichimba mpaka maji yakawafukuza. Waliopatikana wakazikwa. Okari hakupatikana, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba alimwona akishuka siku ile. Kaka yake, Mayaka, akashika neno lake na hakuliachia: Okari yuko Tarime, ng'ambo ya mpaka, ana mwanamke. Kuna mtu alimwona Sirari, pale mpakani, akila samaki. Kuna mwingine alimwona akinunua tairi la baiskeli. Na mtu aliye hai, alisema Mayaka, hapigiwi matanga, maana huko ni kumwitia kifo.

Kwa hiyo matanga hayakuwekwa, na mpaka kibao kinaletwa hakuna aliyekuwa amekuja kumpa Kemuma pole. Mke wa Mayaka alipojifungua mtoto wa kiume, Kemuma alikwenda kwao Kisii na mkungu wa ndizi akaomba mtoto aitwe Okari. Wakapokea ndizi, wakakataa jina. Mtoto hapewi jina la mtu asiye na kaburi. Kemuma aliumia kuliko siku ile ya shimo. Alirudi Migori akijiambia kwamba mumewe amefukuzwa pande zote mbili, kwa wazima na kwa wafu.

Tuliache hilo kidogo, turudi kwenye kibao, maana kibao nacho kilikuwa na visa vyake.

Jina la kwanza lilikuwa la marehemu Nyarangi, aliyeleta kinu cha posho. Kibao kikasimikwa asubuhi, watu wakapiga makofi. Kabla ya mchana, ng'ombe aliyekuwa akipelekwa kuchinjwa alisimama kujikuna pale, kikalala chini. Wakafuta, wakaandika Maroa, babu yake Mzee Mniko, mwenyekiti wa mtaa, koplo mstaafu aliyekuwa bado anatembea kama yuko gwaride. Lori la miwa likarudi nyuma likakikalia. Wakajaribu jina la katekista mmoja wa zamani, mtu mpole, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma. Hapo hakikuguswa na ng'ombe wala lori. Kilijilaza chenyewe polepole, mbele ya watu waliokuwa wakitoka misa, kama mzee anayeketi. Hicho ndicho kilichowatia watu baridi.

Mniko akaita mkutano. Karani wa ofisi ya mji, kijana wa tai aitwaye Oliver, alisema udongo wa pale ni laini na kinachotakiwa ni saruji kidogo. Lilikuwa neno la akili, na kama kawaida ya maneno ya akili katika mkutano, likapita bila kusikika. Dana, yaani Bibi, Filister aliomba nafasi. Alikuwa bibi wa Kijaluo aliyezalisha wanawake wa mtaa ule, na aliyewapa watoto wao majina pia. Kwao, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, hatafutiwi dawa kwanza. Huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na likitajwa la yule anayetaka kurudi, mtoto hunyamaza na kunyonya.

"Hii barabara inalia," alisema. "Mnaiita majina si yake. Sasa nyinyi mtoto akilia mnamfunga na saruji?"

Wakuria wakaangaliana, Wakisii wakaangaliana, kila mmoja akakumbuka mtoto fulani wa kwao aliyefanya vilevile. Hakuna aliyeona ajabu. Ikapitishwa kwamba barabara itaitiwa majina mpaka inyamaze. Jumamosi haikufaa kwa sababu ya Wasabato, Jumapili asubuhi haikufaa kwa sababu ya Wakatoliki, basi ikawa Jumapili baada ya chakula.

Lo, wiki ile ilikuwa ya aina yake. Nchi ilikuwa imeonja siasa ya vyama vingi, na watu hawakujua tena kuchagua kitu bila kampeni. Kila familia ilimtoa marehemu wake. Wengine walileta marehemu kutoka Uriri, wengine kutoka Ntimaru, marehemu ambao hawakuwahi kukanyaga Migori hata kwa bahati mbaya. Jamaa wa Mochama walipita na ngoma wakiimba sifa za mjomba wao. Upande wa pili ukajibu kwamba mjomba huyo alikuwa mchoyo, alikula kuku kajifungia mlango. Ndugu wawili waligombana juu ya baba yao wenyewe, mmoja akisema anafaa barabara, mwingine akisema labda kichochoro. Mniko alikataza marehemu kutukanwa karibu na kinu. Kwingine ruksa.

Kemuma aliuza ndizi zake akisikiliza. Usiku alilala akigeuka. Jumamosi kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri. Jumapili alipiga moyo konde, akavaa gauni lake la kanisani ijapokuwa siku haikuwa yake, akatoka.

Alikuta mtaa mzima. Filister alikuwa amekipakata kile kibao na nguzo yake mapajani, amekifunika leso, anakibembeleza. Alikinyunyizia maziwa, akampa Mniko akisimike. Utaratibu ulikuwa hivi: mtu anaita jina la marehemu wake, anasema, kama ni wewe, nyamaza. Ombui anateleka birika jikoni. Birika likichemka na kibao bado kimesimama, jina limekubaliwa.

Wakaanza. Mjomba wa akina Mochama alidondoka kabla hata moshi haujatoka kwenye mkaa. Bibi mmoja wa Ntimaru alijitahidi, birika likaanza kuimba, watu wake wakaanza kushikana mikono, kisha akainama upande wa mtoni akaanguka. Jamaa zake wakalia kana kwamba amekufa upya. Wengine waliegemea tu, na hapo palizuka ubishi kama kuegemea ni kukataa au ni kusita. Oliver, aliyekuja na kalamu yake kushuhudia kwa niaba ya ofisi, mwanzoni alikuwa akitabasamu pembeni ya mdomo. Alasiri ilipoingia alikuwa amelegeza tai na kumwita mama mkwe wake mwenyewe kwa sauti ya kuomba. Mama mkwe hakumaliza hata dakika, na Oliver alinuna.

Majina yakaisha. Watu wakatazamana. Ndipo Kemuma akasogea mbele, akasema analo moja.

Alipolitaja, Mayaka aliruka kutoka kwenye benchi la Ombui. Kumbe alikuwa pale tangu mchana, amekuja kutoka Kisii kwa sababu alimjua shemeji yake. Alisema mbele ya wote kwamba kaka yake ni mzima na anakula samaki. Mniko naye akakunja uso, akauliza swali ambalo Kemuma alikuwa ameliogopa wiki nzima.

"Mama Kemuma, sisi hatukatai. Lakini bwana yako amezikwa wapi?"

Kemuma akasema Masara, chini. Mniko akasema chini si kaburi. Mayaka akasema hata chini hayuko. Wakabishana huku na huku, wengine wakikumbuka kokoto, wengine wakijitia kutokumbuka, hasa wale wa kuchekecha. Mwisho Filister akagonga ardhi kwa fimbo. Alisema kwao mtu akipotea majini huzikwa tunda la yago, lile refu la mwegea, badala yake, jambo likaisha, na hawa wamemwacha mwanamke huyu akining'inia. Basi barabara iamue. Okari ndiye aliyeijaza tumbo, itamjua kuliko mtu wa Sirari. Kibao kikisimama, amekufa. Kikianguka, yuko hai, na Mayaka amlete nyumbani.

Ilionekana njia ya haki kabisa. Hata Mayaka alikubali, tena upesi. Hakuna aliyeona kwamba mtaa mzima, pamoja na koplo mstaafu na karani wa tai, ulikuwa umekubali kuuliza bati juu ya uhai wa mtu.

Kemuma alisimama mbele ya kibao. Miaka miwili alikuwa amegombana na kila mtu akisema mume wangu amekufa, mniachie nimlie. Alikuwa na hasira na kila aliyemwona Okari Sirari. Sasa mdomo ulikuwa mzito. Alimwona Okari kweli, yuko Tarime, amenenepa kidogo, ana mwanamke mwingine, anacheka. Na akajikuta anampenda yule mwanamke. Awe naye, alisema moyoni, ampikie, amzalie watoto, mradi anapumua.

"Okari," aliita. "Kama ni wewe, nyamaza."

Ombui akateleka birika.

Kibao kilisimama. Upepo ulipanda kutoka mtoni, ukazipeperusha leso za wanawake, kibao kikatetemeka, kikatulia. Kemuma aliomba kianguke. Aliomba kama alivyofundishwa kuomba, kwa maneno kamili, akimkumbusha Mungu kwamba hajawahi kuvunja Sabato. Punda wa maji akapita akajisugua pale kwa starehe zake zote, watu wakashika vichwa, kibao kikakaa. Birika likaanza kuimba. Mayaka alikuwa ameketi tena. Mfuniko wa birika ukaanza kurukaruka, mvuke ukatoka, na Ombui akaliipua kwa kitambaa, akalionyesha kwa watu wote.

Walipiga makofi, vigelegele, miluzi. Barabara ilikuwa imenyamaza. Waliochoka na majina walifurahi, na waliokuwa wakichekecha kokoto ndio walioshangilia kwa nguvu zaidi. Mniko alikipigia kibao saluti.

Kemuma alikwenda mpaka kwenye kibao, akakishika kwa mikono miwili. Watu walifikiri anataka kukikumbatia. Akakisukuma. Kibao hakikutoka. Akaweka bega, akachimba visigino kwenye kokoto, akasukuma kwa mwili wake wote, mpaka kilemba kikamtoka.

"Anguka," alimwambia. "Okari, anguka."

Makofi yalikufa moja moja. Wanaume wawili walitaka kwenda kumtoa, Filister akawazuia kwa fimbo. Kemuma alisukuma mpaka nguvu zikamwishia, akateremka taratibu na kuketi chini, mgongo kwenye nguzo. Mayaka alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Ilieleweka sasa kwamba huyu naye, miaka yote miwili, Sirari ilikuwa ndiyo dawa yake ya kulala.

Oliver hakujua afanye nini na mikono yake. Alikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi akishikwa na huzuni hutafuta kazi. Akachuchumaa mbele ya Kemuma, karatasi kwenye goti.

"Mama, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa naandika tu Okari, ama naandika marehemu Okari?"

Kemuma aliwatazama watu wote, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kama kuna hata mmoja atakayesema alimwona Sirari juzi. Hakuna aliyesema. Alimtazama Mayaka kwa muda mrefu zaidi, na Mayaka akatikisa kichwa.

"Andika marehemu," alisema.

Filister akafungua leso, akaifunga kiunoni, akapiga ukemi wa kwanza wa msiba. Wanawake wa mtaa wakaupokea, na wanaume wakaenda kutafuta kuni, kwa sababu usiku ule watu wangekesha barabarani.