Dizeli ya Mama Mkwe

Nathaniel Shigela alikuwa mtu wa kukata shauri haraka. Duka lake la vifaa vya ujenzi pale Mkuyuni, Mwanza, alilifungua kwa shauri la siku moja, na mke alimpata kwa shauri la wiki mbili. Lakini kwenye suala la gari alikwama mwezi mzima, akawa analala na kuamka na injini mbili kichwani.

Gari lenyewe lilikuwa aina moja: Prado ya viti saba. Chenge, mwenye yadi ya magari kwenye barabara ya kwenda Nyegezi, alikuwa nazo mbili, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, mwaka mmoja wa kutengenezwa, hata rangi zimekaribiana. Tofauti ilikuwa chini ya boneti. Moja ilikuwa ya petroli, lita nne, silinda sita. Ukiiwasha unaweza kudhani haijawaka mpaka utazame mshale kwenye dashibodi, na ukikanyaga inakubandika kwenye kiti. Nyingine ilikuwa ya dizeli, lita tatu, silinda nne na turbo. Hiyo ilinguruma kama mashine ya kusaga, lakini mlimani haikuomba msaada kwa mtu, na mafuta ilikunywa kwa adabu.

Nathaniel alitaka ya petroli. Mkewe, Renatha, alitaka ya dizeli.

"Baba Selina, unanunua gari la familia au unanunua ndege?" Renatha alimuuliza.

"Nanunua gari la kumbeba mama yako," alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Mama yake Renatha, Bibi Kokulinda, alikuwa na miaka sabini na minane na aliishi kwenye shamba lake la migomba na kahawa nje kidogo ya Muleba. Sukari ilimwingia zamani, na sasa ilikuwa imeteremka mguuni: kidonda kwenye kisigino kilichogoma kupona. Daktari wa Mwanza alisema bila kuzunguka kwamba bibi afike kliniki kila mwezi bila kukosa, la sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Kuhamia Mwanza alikataa katakata. Mama akae nyumbani kwa mkwe wake? Jambo hilo kwao Muleba halipo, na kwao Nathaniel, Bujora, halipo pia. Usafiri wa basi aliujaribu mara moja akashuka miguu imevimba, na gari dogo la Nathaniel lilimkunja magoti mpaka kidevuni. Ndiyo maana likatafutwa gari kubwa.

Na tuseme yote. Nathaniel alikuwa na lake moyoni. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipokwenda kuposa, mama huyu aliuliza mbele ya wazee kama huyu kijana wa Kisukuma anajua kitu kingine zaidi ya kufuata mikia ya ng'ombe. Baadaye alikubali, akabariki, akapokea wajukuu kwa furaha. Lakini neno lile lilibaki limemkaa Nathaniel kama mwiba wa samaki. Alitaka siku moja mama aketi nyuma, ndani ya gari tulivu lisilotikisa hata kikombe cha chai, aone kwamba binti yake hakupotea.

Chenge ndiye aliyemtoa kwenye kigugumizi. Naye ni mtu wa Kisesa, amekulia kwenye ng'ombe, na Wasukuma hawanunui maksai kwa macho. Unamfunga jembe kwanza, unamlimisha, ndipo mnaongea habari ya kumchukua.

"Ngosha, usinichoshe," alimwambia. "Chukua moja, kalifunge jembe. Lisipolima, rudisha, uchukue jingine."

Nathaniel akachukua la petroli kabla Chenge hajamaliza sentensi.

Walikwenda Muleba, yeye na Renatha, wakalala kwa shemeji, na asubuhi wakamfuata bibi. Alikuwa tayari, amekaa barazani na kikapu chake. Nathaniel alisimama mbali kidogo, akainama, akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," alijibu bibi, naye ametazama migomba, upande wa khanga umefunika nusu ya uso.

Wakwe wanaoheshimiana hawakodoleani macho. Hawali sahani moja, hawaambiani habari za mwili, na jambo lolote zito hupitia kwa mtu wa katikati. Nathaniel alilijua hilo tangu utotoni, na siku hiyo alilifuata mpaka mwisho. Alimketisha mama nyuma ya kiti cha dereva ili wasionane, Renatha pembeni yake. Kioo cha ndani alikigeuza kikatazama dari, akaendesha kwa vioo vya pembeni tu. Redio aliizima, maana nani ajuaye wimbo gani utachomoka humo ukamvua nguo mbele ya mkwe.

Gari likateleza. Biharamulo ikapita, Katoro ikapita, Geita ikapita, na ndani kimya kilikuwa kizito hata saa ya mkononi ya Renatha ilisikika. Nathaniel alifurahi. Mama ametulia, alijiambia, amepumzika, anafurahia. Hapo Katoro alisikia Renatha akinong'ona kidogo kwa Kihaya, "Mama, tusimame?" na hakusikia jibu, akajua mama yuko salama. Daraja la Busisi walilivuka jua likiwa bado juu. Muda wa safari ulikuwa mfupi kuliko alivyowahi kuendesha njia ile, na alipomshusha mama Kiseke, kwa Evelina, mpwa wake bibi, ambako angelala, alijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kesho yake kliniki Bibi Kokulinda hakuweza kusimama kwenye mizani. Midomo ilikuwa imekauka, sukari imepanda mno, maneno yanamtoka nusu nusu. Wakamlaza, wakamtundikia dripu.

"Mama, jana ulikunywa maji kiasi gani?" aliuliza muuguzi.

Bibi akatazama ukuta.

"Na juzi?"

Ukuta tena.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema muuguzi, akaandika kitu kwenye faili, akaondoka.

Siku mbili alikaa wodini. Siku ya tatu, akiwa amerudi kwa Evelina, alimwita Renatha chumbani, na Renatha alitoka humo macho yamemwiva.

"Amesema harudi tena kliniki," alimwambia mumewe nje ya geti. "Kesho anapanda basi aende kwake. Mguu ukikatwa ukatwe, anasema ameutembelea vya kutosha."

Nathaniel alihisi mwiba ule wa zamani ukigeuka kooni. "Ni gari langu, sivyo? Hata likiwa la dhahabu, lingali gari la mchunga ng'ombe."

"Acha hizo."

"Nimemkosea nini? Nimeendesha taratibu kwenye matuta. Sijapiga honi. Kioo nimekigeuza!"

Renatha akamvuta mpaka nyuma ya gari, mbali na dirisha la Evelina.

"Mtu wa sukari anakwenda haja ndogo kila mara," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua hilo?"

"Si angesema tusimame? Mimi ningekataa?"

"Angesemaje? Gari lako limenyamaza kama kanisani baada ya komunyo. Akininong'oneza mimi, wewe unasikia. Akisema Kihaya, unasikia, Kihaya umekijua siku hizi. Mwanamke wa miaka sabini na minane amwambie mkwe wake haja ndogo imembana? Afadhali afe. Ndiyo maana hakunywa maji tangu jioni ya kuamkia safari. Alijikausha kusudi. Nilipomuuliza pale Katoro alifumba macho na kutikisa kichwa, kwa sababu alijua umenisikia."

Nathaniel aliegemea gari. Yote aliyoyafanya kwa heshima, kimya, mwendo, redio, aliyaona sasa yamejipanga kama kuta za chumba, na mama mle ndani hana mlango. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutamani ardhi ipasuke.

"Nitafungua redio," alisema hatimaye.

"Ukifungua leo baada ya kuizima juzi, atajua nimekwambia. Hatanisamehe."

"Basi tutasimama kila baada ya nusu saa, mimi mwenyewe nitasimama."

"Atajua vilevile. Mama yangu si mjinga."

Kuku wa Evelina walipita kati yao. Nathaniel alitazama lile gari lake zuri, silinda sita, na hakulitamani tena.

Chenge alikuwa anakula mhogo yadini alipoliona la petroli likirudi.

"Halikulima?" aliuliza.

"Limelima vizuri. Nataka lile jingine."

"Dizeli?" Chenge alijifuta mikono. "Ngoja nikwambie kabla hujalalamika, mimi ni mtu wa haki. Lina nguvu, mafuta kidogo, utalizeekea. Kasoro yake ni hiyo moja. Ukishaliwasha, wa mbele na wa nyuma hamsikiani."

"Liwashe nisikie."

Chenge akaliwasha. Nathaniel akaingia, akafunga milango yote, akamwambia Chenge akae kiti cha nyuma aseme jambo lolote kwa sauti ya kawaida.

"Niseme nini?"

"Lolote. Nitukane."

Chenge akatukana. Nathaniel alisikia mngurumo, na ndani ya mngurumo kitu kama mtu anayetafuna. Akageuka nyuma, uso umemkunjuka.

"Umesemaje?"

"Siwezi kurudia," alisema Chenge.

"Nalichukua hili."

Kumshawishi mama asipande basi ilikuwa kazi ya Renatha, na aliifanya kwa uongo mdogo usio na dhambi. Alimwambia kwamba lile gari la juzi limerudishwa kwa mwenyewe, limepatikana la bei nafuu, bovu bovu, linapiga kelele, avumilie tu mpaka nyumbani. Bibi Kokulinda alipanda akiwa amenuna. Nathaniel aliinama, akasalimia, akageuza kioo kikatazama dari, akazima redio. Kila kitu kama juzi. Kisha akawasha injini.

Mpaka Usagara nyuma kulikuwa kimya, au pengine hakukuwa kimya, hakuweza kujua. Karibu na Busisi Renatha alimgusa bega, akapaza sauti.

"Baba Selina, simama hapo mbele, nataka kununua mananasi!"

Alisimama. Hakutazama nyuma. Alishuka, akafungua boneti, akaichungulia injini ile kama fundi, ingawa hakuna alichokuwa anakitafuta, mpaka aliposikia milango ikifungwa tena. Sengerema Renatha alitaka viazi. Geita alitaka vocha. Katoro alitaka kitenge, na hakurudi na kitenge. Kabla ya Biharamulo, mahali ambapo hapauzwi kitu chochote isipokuwa upepo, alitaka kunyoosha miguu. Kila mara Nathaniel alifungua boneti. Chupa ya maji iliyokuwa imejaa walipotoka Kiseke aliiona kwa pembe ya jicho, kwenye kituo cha Geita, imebaki robo, na ya pili imefunguliwa. Mahali fulani kwenye msitu aliona bega la Renatha likitikisika kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa anacheka. Mama na binti walikuwa wanapiga soga huko nyuma, wanamsengenya mtu, labda yeye mwenyewe, na hakuambulia hata neno moja. Alikanyaga mafuta kidogo, injini ikanguruma zaidi.

Safari hiyo iliwachukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Jua lilikuwa linaelemea migomba walipoingia kwenye uwanja wa bibi. Nathaniel alisimamisha gari mbele ya baraza na, kwa mazoea ya mkono, akazima injini papo hapo.

Huko nyuma walikuwa hawajui kwamba wamefika. Sauti ya Bibi Kokulinda, kavu na nyepesi, ikaendelea kwa Kihaya ndani ya kimya kilichoingia ghafla:

"...sasa tarehe ya kliniki mwambie mwanangu anifuate mapema, jua likiwa bado dogo, na asije na wasiwasi wake ule wa..."

Ikakatika. Khanga ilisikika ikivutwa.

Mwanangu. Hakusema mkwe. Nathaniel aliona kioo cha mbele kinaingia ukungu, akapepesa macho. Alikuwa na mambo mengi ya kujibu, miaka kumi na tisa ya mambo, na hakuna hata moja aliloweza kulisema, kwa sababu kwa heshima ya ukwe yeye hakuwa amesikia kitu.

Akawasha tena injini, akashuka, akafungua boneti na kusimama pale akiitazama mpaka walipomaliza mazungumzo yao.