Vumbi la Uwanja Mweupe

Umeshapita pale, usijifanye hujui. Uliwapeleka wanao Jumamosi kwenye uwanja wa makumbusho ya sayansi, mkapiga picha mbele ya lile tufe la chuma, watoto wakavua viatu wakakimbizana na maji yanayoruka kutoka ardhini. Kushoto kwenu kulikuwa na uzio wa mabati. Nyuma ya uzio mashine inalia, na juu ya mabati wingu jeupe linapanda kama unga. Uliliona. Ukasema, "Watoto, njooni huku, vumbi hilo," ukageuza shingo.

Basi igeuze tena, itazame mabati.

Kaka yangu, tumbo moja, alikuwa fundi wa kukata mawe. Miaka tisa iliyopita uwanja ule wote ulipita mikononi mwake: duara la jua, mistari ya njia za sayari, zile pembe zilizobana hata wembe haupiti katikati. Wenzake walimwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyolishika jiwe jeupe kana kwamba anamteremsha mke garini. Wakataji walikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nakoroga zege upande wa pili, upepo unakotoka, na ndiyo sababu pumzi ya kukusimulia ninayo.

Ungependa nikwambie kwamba tajiri fulani mwenye roho mbaya aliwafungia maji. Ingekuwa nafuu kwako na kwangu. Aliyewafungia maji ni kaka yangu.

Jiwe hukatwa kwa maji. Mpira wa maji unaimwagia diski inayokata, vumbi linakuwa tope, tope linaanguka chini. Lakini wiki ya kwanza kaka aliona mawe yake yanatoka na doa la njano, kama shuka la mtoto mchanga. Roho ikamuuma. Akamwendea nyapara kwa miguu yake mwenyewe: "Bwana mkubwa, hili tulikate kavu. Maji yanalichafua." Nyapara alifurahi, kavu ni haraka. Yale yenye doa yakavunjwa siku ile ile yakawa kifusi, bomba likafungwa, na kaka akawafundisha wenzake namna ya kukata kavu bila kuchoma ukingo.

Wakajifunga vitambaa puani. Jioni walikuwa wakichekana, nywele nyeupe, kope nyeupe.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu. Fimbo yangu umeificha wapi?"

Saba kati yao uzee wa kweli hawakuuona. Nimewazika wote saba, na ukiniuliza nitakwambia nani alifuata nani. Kikohozi, kukonda, dawa za kifua kikuu zisizoleta nafuu. Ni daktari mmoja tu aliyeinua picha ya kifua cha kaka dirishani akauliza, "Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani?" Alipojibiwa, aliishusha picha polepole. Hilo vumbi halitoki, akasema. Limeshafanya kovu.

Mwaka huu wakaanza kuuongeza uwanja. Kaka akasikia kwamba wanakata kavu.

"Nipeleke," akaniambia.

"Ukafanye nini? Chooni kwenyewe unafika kwa vituo vitatu."

"Wale wamejifunza kukata kavu kwa nani? Kwangu. Nipeleke nikalifute somo langu kabla sijafa."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka tena dawa wala pole.

Tulikwenda asubuhi. Hatua ishirini, anakaa; hatua kumi, anakaa. Ukutani pa makumbusho palikuwa na bango refu lenye picha ya pafu kubwa la mpira: njoo ubonyeze, uone mwili unavyopumua. Akalitazama. "La kwao zima," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkunja.

Kisha akapiga magoti. Nikadhani anaanguka, kumbe anapapasa jiwe. Akasogea kwa magoti hadi jingine, na jingine, mpaka pale maji yanaporukia, suruali ikalowa.

"Mdogo wangu, doa liko wapi?"

"Doa gani, kaka?"

"Mvua imenyesha hapa miaka tisa. Haya maji ya watoto yanalimwagikia kutwa. Jiwe limelowa kuliko samaki! Doa liko wapi?"

Halikuwepo. Uwanja mzima ulikuwa mweupe kama jino.

"Linakauka," akasema. "Lilikuwa linakauka tu. Nililivunja siku ile ile. Sikulingoja hata wiki."

Wewe ungemwambia nini?

Nilimnyanyua, tukaingia nyuma ya uzio. Mkataji alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, wenzake wanamwita Baba Pacha, kitambaa puani, kope nyeupe zile zile. Kaka alimwomba azime mashine, akamweleza yote, hata ile sehemu inayomhusu. Baba Pacha akajaribu utani.

"Mzee, mimi nina kifua cha ng'ombe."

"Nami nilikuwa nacho. Hebu kisikilize." Kaka akafungua vifungo vya shati.

Baba Pacha akaweka sikio pale. Aliporudisha kichwa nyuma, utani ulikuwa umemwisha. Akaenda mwenyewe kwenye bomba, akavuta mpira, akakata jiwe moja kwa maji. Tope likatiririka miguuni. Hewa ikawa safi, na kaka akatabasamu kama mtu aliyeletewa mtoto amshike.

Nyapara wao, waliyemwita Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi, alikuja kuona mbona kumetulia. Akaliona jiwe. Lilikuwa na doa la njano.

"Nani kanikojolea jiwe?"

"Litakauka, mwanangu," kaka akasema. "Siku kumi tu. Tazama nje, lile lote limenyeshewa."

"Ufunguzi ni Ijumaa, mzee wangu. Wageni waje, niwaambie wakae juani wangoje jiwe likauke?" Hakupayuka. Alisema kwa adabu kabisa, akampa kaka kiti cha plastiki, kisha akamgeukia Baba Pacha. "Mwenzangu, unataka kazi au unataka kumwagilia bustani?"

Baba Pacha alimtazama kaka. Akatazama chini. Akaenda akafunga bomba kwa mkono wake, kama kaka alivyolifunga, akapandisha kitambaa puani.

"Nisamehe, mzee. Ninao wawili."

Kaka hakumlaumu. Alikaa kwenye kiti kile cha plastiki katikati ya vumbi, akakataa kuondoka, akawa anarudia "fungua, fungua" kwa sauti ambayo mashine iliimeza yote. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu.

Jiwe lile walilitupa kwenye kifusi. Nililifuata baadaye, nikaliweka juani mlangoni petu, kaka akawa analitazama kutoka kitandani. Tulimzika siku ya tisa. Siku ya kumi na moja doa lilikuwa limekwisha.

Nilimpelekea Rula jiwe hilo. Akalipima kwa rula, akalisifu. "Kweli kabisa," akasema, "lakini sasa tuna upande wa mashariki, na wenyewe wanautaka mwisho wa mwezi." Nyuma yake Baba Pacha alikuwa anakata. Alikohoa mara mbili. Nilihesabu.

Mimi nimekwenda pale peke yangu mara nne, na mtu mmoja huondolewa kama kiti. Watu arobaini hawaondolewi. Mashine huwashwa saa mbili asubuhi, saa moja kabla makumbusho hayajakufungulia milango. Lango la mabati liko kushoto, na bomba liko ndani yake, hatua tatu tu. Njoo na jirani yako. Mwambieni Rula alifungue, na msibanduke hapo mpaka mlione tope likitiririka. Baba Pacha bado anapumua. Vaa viatu. Twende, sasa hivi.