Volti Tano za Haruna

Naima aligusa mgongo wa regyuleta kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto kama kikaango, kidude kile cha miguu mitatu, na hazijapita dakika kumi tangu akiunganishe na betri ya pikipiki. Kazi yake ilikuwa kushusha volti kumi na mbili ziwe tano, za kutosha jicho la kuhisi tembo, taa na king'ora. Saba zilizobaki kilizigeuza joto. Hapa mezani, katika kibanda chake cha kuchaji simu Kiranjeranje, joto lilipata pa kutokea. Ndani ya kopo ambamo kingefungwa shambani, limezibwa mvua isiingie, lisingepata. Kidude kingejizima, king'ora kingekaa kimya, na Haruna angelala juu ya dungu, jukwaa la kulindia mahindi, akidhani analindwa.

Ijumaa walimzika Twalib, jirani yao wa shamba, aliyekanyagwa na tembo. Jeneza lilikuwa jepesi mno. Waliolibeba hawakutazamana.

"Dada, si kinafanya kazi hicho?" Haruna, mdogo wake, alisimama mlangoni. "Nipe niende, jua linashuka."

"Kinafanya. Ndiyo maana naogopa."

Akachukua regyuleta nyingine, kibao cha buluu chenye skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Hii haikuchemka. Lakini skrubu ikikaa vibaya, ingepitisha umeme mwingi ukaunguza jicho, na jicho lilikuwa hilo hilo moja, lililoshushwa na basi Nangurukuru. Akaanza kwa kuipima na mita ya umeme. Volti kumi na moja. Akazungusha skrubu. Mara tano, mara nane, namba haikutikisika. Jasho lilimwingia machoni.

"Imekufa?" Haruna aliuliza.

"Nyamaza, mdogo wangu. Tafadhali."

Mara ya kumi namba ikaanguka. Tisa. Sita. Tano. Akadondoshea skrubu tone la rangi ya kucha isije ikacheza, akaunganisha jicho. Taa ikawaka. Akasubiri, kisha akagusa. Baridi.

Walilifunga kopo kwenye mti mpakani mwa shamba, upande wa msituni. Haruna akapanda dunguni.

"Nenda, Dada, usije ukakutwa njiani."

Hakuwa amefika mbali king'ora kilipolia. Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba amekosea, waya umegusana na waya. Akageuka arudi kutengeneza. Ndipo alipomwona Haruna akija mbio, mdomo wazi, bila sauti.

Alimdaka mkono. Wakachuchumaa nyuma ya mkorosho, kifua cha Haruna kikipwita begani mwake. King'ora kililia, kikalia, kisha kikakatika ghafla kikiwa katikati ya mlio.

"Betri?" Haruna alinong'ona.

Naima alitikisa kichwa. Mbele yao mahindi yalikuwa yakiinama, mstari baada ya mstari, kuelekea upande wao. Upepo haukuwapo.