Mwalimu wa Ng'ambo

Mke wangu alipoteuliwa kuwa Afisa Elimu wa wilaya, mimi nikiwa mwalimu wa hesabu hapa mjini, nilivimba kichwa, nikajinunulia na suti. Wiki ile ile akaniita ofisini kwake, akanionyesha kiti cha wageni, akaniambia amenihamishia ng'ambo.

Si ng'ambo ya ndege na maghorofa. Ng'ambo ya mto, kwenye shule ambayo kila mwalimu wa hesabu akipangiwa, ama anaugua ghafla, ama shangazi yake ana mtu wizarani. Watoto wa kule walikuwa wakifika darasa la mwisho hawajui kugawanya.

"Nitamwambiaje mke wa mtu amwachie mumewe aende," aliniuliza, "na wangu nimemkalia hapa mjini?"

"Yaani unanitoa kafara mwenzako?"

"Ndiyo," alisema. Hakupepesa macho.

Basi nikaenda. Nyumbani nilirudi mwisho wa wiki, mto ukiniruhusu. Walimu wa mjini wakanibandika jina, Bwana Ng'ambo, na wakinikuta sokoni waliniuliza manukato yao yako wapi. Nilicheka nao, lakini roho iliniuma. Hata hivyo sitakuwa mnafiki: baada yangu hakuna mwalimu aliyethubutu kumpelekea mke wangu cheti cha daktari cha uongo. Angeanzia wapi? Shule za pembezoni zikapata walimu. Yeye mwenyewe akizuru shule alikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakigonga mbao, akamwomba mtoto aliye karibu naye amsomee. Walimu wakuu walitetemeka.

Kisha mke wangu akaugua. Ulikuwa ugonjwa ambao daktari hukuomba ukae kwanza, ndipo akutajie. Nikamwomba anirudishe mjini nimuuguze.

"Nani anakwenda ng'ambo?"

"Mama watoto, unaumwa!"

"Naumwa mimi. Wale watoto wana kosa gani?"

Nikawa mbogo. Nilimwambia ana roho ya jiwe, na kwamba mimi alinipita njiani tu, aliolewa na ofisi. Akageukia ukutani akalia. Nikatoka, nikasimama uani nikijilaani.

Binti yetu alikuwa jikoni, amesikia yote. Ndiyo kwanza alikuwa amehitimu chuo cha ualimu, na somo lake ni hesabu vilevile. Asubuhi alituletea chai, akasema, "Nipelekeni mimi. Baba abaki na mama."

Nilimtazama mke wangu nikiamini hakuna mama atakayekubali. Aliushika mkono wa mwanawe kwa muda mrefu sana. Kisha akakubali.

Nilimuuguza hadi mwisho. Sijapata kitu maishani ninachokishukuru kama miezi ile, kumwogesha, kumsomea magazeti, kugombana naye juu ya uji. Alifariki wakati wa mvua kubwa. Mto ulifurika, binti yetu akakwama upande wa pili, na tukazika bila yeye. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Alikaa pale chini, hakutaka kushikwa na mtu, hata na mimi baba yake.

Afisa Elimu mpya alikuja kutupa pole. Muungwana, hana neno. Sebuleni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ipo nafasi ya binti yetu hapa mjini, ni mimi tu kusema.

"Na kule?" binti yangu alidakia.

"Kule... tutaona."

Tutaona! Miaka yote ya kazi ya mama yake, neno hilo sikulisikia kinywani mwake hata siku moja.

Binti yangu akainamisha kichwa. Nilijua atakataa. Nilijua pia kwamba akirudi ng'ambo atauchukia ule mto, kisha atawachukia wanafunzi, kisha atamchukia mama yake. Hilo la mwisho nisingeweza kulivumilia.

"Mpe hiyo nafasi," nilimwambia afisa. "Kule naenda mimi."

"Mzee wangu, umebakiza kidogo tu ustaafu. Si upumzike?"

"Nipangie, mwanangu."

Afisa alipoondoka, binti yangu aliniuliza, huku machozi yakimtoka, kama ni mama ndiye aliyeniomba kabla hajafa. Nikamwambia hapana. Mama yake hakuwahi kuniomba kwenda ng'ambo, alinipeleka. Safari hii nilikuwa naenda mwenyewe.