Mizani ya Ghala la Dutwa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Mashimba aliifuta mizani vumbi, akairudisha sindano kwenye sifuri, akaanza kupima wanafunzi. Hakuna aliyemtuma. Kwa miaka kumi na minane alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, akipima pamba katika ghala hilohilo, njia ya Dutwa, mpaka soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na chama kikafa. Ghala likachukuliwa na bwana mmoja wa mjini, Novatus, akalipaka chokaa na kuandika ukutani: SEKONDARI. Mashimba alikutwa mle ndani pamoja na mizani, wakaachwa wote wawili. Kupima ndiyo kazi aliyoijua.

Watoto waliingia kidato cha kwanza wakiwa na uzito wa watu. Milembe, binti yake, aliingia na kilo arobaini na mbili. Kwa ada yake Mashimba alitoa maksai wake wawili, na tangu hapo alilima kwa jembe la mkono, kiuno kikimuuma, wala hakulalamika. Alitaka mtoto mmoja, mmoja tu jamani, apate cheti.

Muhula wa kwanza ulipokwisha, kila mwanafunzi alikuwa amepungua kilo tatu. Wazazi wakasema ni uji, wakaongeza uji, watoto wakazidi kupungua. Mwaka wa pili alipita kijana Joakim, aliyekuwa akisubiri kwenda chuo, akafundisha hesabu wiki sita. Wiki hizo kila mtoto aliongezeka nusu kilo. Joakim aliponyimwa mshahara akaenda zake, na ile nusu kilo nayo ikaenda. Mashimba akampelekea Novatus daftari la vipimo.

"Walimu wanakuja," Novatus alisema. "Wewe pima tu, mzee."

Akapima. Wazazi, wakulima wa pamba wote, walifanya kile walichozoea kufanya mzigo ukiwa mwepesi: waliwatia watoto mchanga mifukoni na kuwamwagia maji kwenye sweta. Dorkasi, jirani yake, alimshonea mwanawe kokoto kwenye pindo la sketi. Zamani Mashimba angemrudisha mtu na gunia lake mchana kweupe. Safari hii alisoma sindano akaandika, maana hata Milembe alikuwa na jiwe mkobani, na aliyeliweka ni yeye baba yake.

Kufika kidato cha nne, hata mchanga haukufua dafu. Sindano haikutikisika. Wanafunzi walifungwa kwa kamba za katani kwenye madawati, wakanakili kutoka kwenye kitabu kimoja. Ambao kamba zao zililegea walikwenda kukaa kwenye mbao za paa, wakanakilia huko.

Siku ya mtihani walivaa sare safi. Hadi saa nne hakuna msimamizi aliyetokea. Mashimba akapanda baiskeli hadi ofisi ya elimu. Karani wa pale, mtu mpole, alipitia orodha mara mbili.

"Hiyo shule hatuna, baba. Haijasajiliwa."

"Ina miaka minne."

"Hatuna."

Alirudi saa kumi. Novatus alikuwa ameamuru kamba zifunguliwe, kwa kuwa madawati yalitakiwa kupakwa rangi. Watoto walikuwa wanapanda taratibu juu ya mashamba ya pamba, upepo ukiwapeleka upande wa Nassa, na mama zao wakiwaambia wafunge vifungo vya sweta. Milembe alikuwa ameukumbatia mlingoti wa bendera, akimngoja.

"Mwadila, baba," Milembe alimsalimia kwa Kisukuma. "Wamesema mtihani lini?"

"Mwadila, mayu," alijibu, akimwita mama kama kawaida yake.

Alimfunga kamba kiunoni, akamvuta kwa baiskeli hadi nyumbani, akamfunga kwenye nguzo ya zizi, pale walipokuwa wakifungwa maksai. Chakula alimpandishia kwa ngazi.

Januari alirudi kazini, kwani kazi nyingine hakuwa nayo. Foleni ya kidato cha kwanza ilifika barabarani. Dorkasi alikuwa wa mbele, amemshika mkono binti yake wa pili.

"Arobaini na moja," Mashimba alisema.

"Anatosha?"

Mashimba alimtazama mtoto, miguu yake ikiwa imekanyaga chuma barabara.

"Anatosha," alisema. "Anayefuata."